Wakili aliyenikataza kwenda kortini

Notisi ya kaunti niliikuta imebandikwa kwenye mlango wa duka langu Kisauni, Mombasa, siku ya Ijumaa, nikitoka msikitini. Nibomoe sehemu niliyoongeza mbele na ubavuni. Kusema kweli kosa lilikuwa langu, ramani sikupeleka kuidhinishwa. Wazee wa barazani wakanipoza: "Karatasi tu hiyo, wewe uza sukari yako." Nikauza sukari siku nane.

Ya tisa nikaenda kwa wakili niliyeelekezwa na shemeji. Ni mama mtu mzima, ofisi yake iko Nkrumah Road, orofa ya tatu, lifti hakuna. Kabla ya kujitegemea alikaa miaka upande wa pili, idara ya sheria ya baraza la mji, enzi za mameya, kabla kaunti hazijaingia 2013. Ndiyo sababu nilimchagua yeye.

Hata kiti sijakikalia vizuri, akauliza: "Mwanangu, hii umeipata lini?" Akahesabu kwa vidole, akaandika tarehe kwa kalamu nyekundu juu ya notisi. Zimebaki siku tano. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inampa aliyepewa notisi siku 14 kukata rufaa, tena rufaa hiyo huanzia kwa kamati ya kaunti, ambayo nayo ina siku 30 za kuamua. Mimi nilikuja nimejifunga kibwebwe, nataka Mahakama ya Mazingira na Ardhi kesho asubuhi. Akacheka. "Utarudishwa mlangoni, uambiwe uanze ulikoruka. Na mimi nitakuwa nimeshakula pesa yako."

Kisha akamleta mpima ardhi. Kamba ilipovutwa, ubavuni nilikuwa ndani ya kiwanja changu. Mbele nimeingia kwenye ardhi ya barabara kwa mita moja na kitu. "Hii ya mbele hakuna wakili atakayeiokoa. Itoe mwenyewe, tupiganie ya ubavuni." Iliniuma, mabati yalikuwa mapya. Nikayang'oa. Rufaa iliingia siku ya 13, nikapewa nafasi ya kupeleka ramani, na ubavu umesimama hadi leo.

Gharama: 45,000, mpima ardhi mbali. Makubaliano ya ada aliandika na kutia sahihi kabla ya kupokea hata shilingi, na risiti nilipata. Wakili asiyetaka kuandika, mkimbie.

Sasa kero. Simu hapokei. Karani wake alinitoza fotokopi mara mbili kwa karatasi zile zile, nikanyamaza kwa aibu. Na maswali ya pembeni hujibu haraka haraka. Nilimuuliza kuhusu kudai fidia ya ajali, akanirushia tu kwamba ukimshtaki jirani una miaka mitatu ya kufungua kesi, ukiishtaki serikali una miezi 12, na hata ukishinda huwezi kutuma dalali akapige mnada magari ya serikali. Urudi tena mahakamani kuomba amri ya kulazimisha malipo. Ilibidi nimwombe arudie polepole.

Nampa nne kwa tano. Kaka yangu ana ugomvi wa mpaka Likoni, nimeshampa namba yake. Nimemwambia apige kabla ya saa mbili asubuhi, na fotokopi atoe mwenyewe huko chini.