Nimelipa buku, nimeuziwa mdomo

Juzi hapa nilipita kwa jamaa wa mtaani anayeingiza muvi kwenye flashi, nikaulizia Ladri di biciclette, ile ya Kiitaliano ya 1948 ya Vittorio De Sica. Ipo, tena imetafsiriwa, mtu anasimulia kwa Kiswahili juu ya picha! Nikafurahi, maana nilitaka kuiangalia na mzee, na macho yake hayawezi tena maandishi ya chini.

Kwenye hiyo muvi, Antonio kaibiwa baiskeli ya kazi siku ya kwanza tu. Jumapili nzima anazunguka Roma na mwanawe Bruno kuitafuta, hasira zikimzidi anamzaba mtoto kofi. Halafu? Haombi msamaha. Anamuuliza kama ana njaa, wanaingia mgahawani wanakula. Basi. Jamani, si ndio baba zetu hao? Mimi nilishachapwa kwa kosa la kaka yangu. Jioni mzee akaja na mishikaki miwili kwenye gazeti, akaiweka mbele yangu, akauliza kama mbuzi wamefungwa. Mpaka leo hatujalizungumza.

Sasa huyu mtafsiri! Mtoto kanuna, anatembea mbali na baba yake, yeye anamsemea Antonio: "Mwanangu nisamehe, nakupenda sana." Kasema nani, na mdomo wa mtu umefungwa?

Mwisho ndio akaniua kabisa. Baba mwenyewe kajaribu kuiba baiskeli, kakamatwa, kapigwa mbele ya mwanawe. Bruno anaokota kofia ya baba yake, anaipangusa. Wanaondoka, baba analia, mtoto anamshika mkono. Hapo hapana neno la kuongeza. Mtafsiri akahutubia kuhusu umaskini, kisha akachomeka na salamu kwa wadau. Salamu! Rimoti ilibaki kidogo iruke. Aliyeigiza yule baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji, na uso wake ulitosha.

Nikamgeukia mzee ili tulaani pamoja.

"Huyu bwana kasema vizuri," akasema.

Nilitaka kumuuliza vizuri wapi, kwenye nisamehe au kwenye salamu. Sikuuliza. Naye hakuniangalia, alikuwa anatafuta miwani ambayo ameivaa.

Nyota moja. Flashi nilipanga kuifuta usiku uleule, mzee akasema niiache. Haya, ziwe mbili, labda na nusu. Lakini zile salamu kwa wadau sizisamehe.