Jikokoa: jiko la makaa linalolipa, kwa anayeweza kulilipia

Vijana wengi wa Nairobi wanaotaka kuanzisha biashara itakayowapa riziki na kuyafaa mazingira huanza kwa kuhesabu miti itakayosalimika. Jikokoa, jiko la makaa linalotengenezwa na kampuni ya BURN katika kiwanda chake cha Ruiru, linafundisha hesabu tofauti, kwa kuwa mteja wake haulizi habari za msitu. Anauliza mkebe wa makaa utamfikisha lini. Kwa sababu hiyo nimelitathmini jiko lenyewe pamoja na namna linavyouzwa, na nitakiri mapema kwamba sehemu ya pili ndiyo iliyonishughulisha zaidi.

Ukiliweka kando ya jiko la kawaida la kauri, tofauti iko ndani. Sehemu ya kuwekea makaa imetengenezwa kwa aloi ya chuma inayostahimili joto kali, nayo imezungushiwa tabaka la nyuzi za kauri linalozuia joto lisipotelee pembeni. Viungo vyake vimebana, hivyo hewa haiingii ovyo, na chini kuna trei ya majivu. Matokeo yake mpishi huyaona upesi: makaa kidogo hushika moto, hukolea, na hudumu. Kwa maharage na githeri, vyakula vinavyokaa motoni kwa muda mrefu, jiko hili halina mpinzani miongoni mwa majiko ya makaa niliyowahi kupikia. Kwa chai ya asubuhi sioni tofauti kubwa, kwani muda wa kuwasha makaa ni ule ule wa subira. (Chakula cha matanga ni habari nyingine kabisa, hapo mafiga na kuni bado vinatawala.)

Ni haki kulitaja pia jiko lililotangulia. Jiko la kauri ambalo karibu kila nyumba ya Nairobi imewahi kuwa nalo lilitokana na juhudi za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo lake likiwa limechukuliwa kutoka katika jiko la ndoo la Thailand na kurekebishwa ili lifae mapishi ya hapa. Umbo lake lenye kiuno na kitako kipana halikuwa urembo: anayesonga ugali anahitaji jiko lisiloyumba mwiko unapozunguka. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji waliliiga, wakashindana kwa bei, na likaenea bila matangazo makubwa. Udongo wa ndani ukipasuka, fundi huweka mwingine siku hiyo hiyo, na mwenye jiko hurudi kupika. Jikokoa halina unyumbufu huo. Ni bidhaa ya kiwanda, na vipimo vyake ndivyo vinavyoleta akiba ya makaa. Mtu akiligongagonga kwa nyundo na kulipachika bati la kuokoteza, atabaki na jiko ghali linalokula makaa kama mengine. Hili ni pungufu kwa mnunuzi na pia kwa mafundi, ambao maarifa yao hayahitajiki tena pindi jiko linapohamia Ruiru, ijapokuwa kiwanda nacho kimeleta ajira zake.

Je, akiba inayotangazwa ni ya kweli? Bidhaa nyingi zinazojiita rafiki wa mazingira hukwama hapa, kwa kuwa takwimu zao hutoka kwa muuzaji. Jikokoa lina bahati ya kuwa limechunguzwa na watu wasioliuza. Watafiti Susanna Berkouwer na Joshua Dean walifanya jaribio na kaya zipatazo 1,000 hapa Nairobi, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2022 katika jarida la American Economic Review. Waligundua kwamba matumizi ya fedha kwa makaa yalipungua kwa asilimia 39, na kwamba katika miaka 2 ambayo jiko lilikadiriwa kudumu, kaya ingeokoa takribani dola 237. Wakati huo jiko liliuzwa kwa karibu dola 40. Yaani lingerudisha bei yake karibu mara 6, faida ambayo hakuna chama cha akiba wala benki ninayoijua inayoweza kuiahidi.

Hata hivyo, walipopima kiasi ambacho watu walikuwa tayari kulipa kwa mkupuo, wastani ulikuwa dola 12 tu. Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema watu hawaelewi faida, waelimishwe. Watafiti walilijaribu hilo pia, wakawafanya washiriki wazingatie akiba ambayo wangeipata, lakini hamu ya kununua haikupanda. Kilichoipandisha, zaidi ya maradufu, ni mkopo. Anayelipwa kwa siku na kununua makaa kwa siku anajua vizuri sana kwamba jiko bora lingemfaa. Asichokuwa nacho ni fedha za kuliweka mezani leo na bado kesho watoto wale.

Matokeo haya yangepaswa kusomwa na kila anayeandika mpango wa biashara ya aina hii mjini. Miradi mingi huteketeza fedha zake katika hamasisho, mabango, fulana na warsha za hotelini, ilhali kizuizi kiko katika malipo. Nairobi ina bahati kuliko miji mingi, kwa kuwa M-Pesa imekuwapo tangu 2007 na watu wamezoea kulipa mdogo mdogo: M-KOPA ilijenga biashara yake ya umeme wa jua kwa mtindo huo. Kwa hiyo namwona muuzaji wa Jikokoa anayekubali malipo ya awamu, au chama kinachonunua majiko kwa zamu na kuwakata wanachama kila wiki, kuwa anauza bidhaa kamili. Anayedai fedha zote taslimu anauza nusu ya bidhaa, na anawauzia wale wenye shida ndogo zaidi.

Mkopo nao una meno. Riba na ada zikipita kiasi, akiba ya makaa huhama kutoka mfukoni mwa mpishi na kuingia kwa mkopeshaji, na jiko linabaki kuwa jema kwa hewa tu. Sioni sababu ya kuiita biashara hiyo ya kijamii.

Njia nyingine ya kushusha bei ni fedha za soko la kaboni, ambalo BURN nayo inalitumia: kampuni au nchi za mbali hulipia vyeti vya kupunguza hewa ya kaboni, na mapato hayo hufidia sehemu ya gharama ili mnunuzi alipe kidogo. Wazo ni zuri, lakini mwaka 2024 utafiti uliochapishwa katika Nature Sustainability, ukiongozwa na Annelise Gill-Wiehl, ulionyesha kwamba katika sampuli ya miradi ya majiko waliyoichambua, vyeti vilivyotolewa vilizidi upungufu halisi kwa takribani mara 9. Lawama ziliziangukia kanuni za kuhesabu zinazotumiwa katika sekta nzima, kwa mfano zinapochukulia kwamba jiko jipya linatumika kila siku na la zamani limeachwa. Yeyote aliyewahi kuingia jikoni Nairobi anajua kwamba nyumba moja inaweza kuwa na jiko la makaa, mtungi wa gesi wa kilo 6 na stovu ya mafuta ya taa, kila kimoja kikisubiri zamu yake kulingana na hali ya mfuko. Biashara changa inayotegemea vyeti hivyo pekee imeweka bei yake mikononi mwa soko lisilolijua jiko la mtaa kama Kayole.

Kuhusu afya, muuzaji asimwambie mteja zaidi ya yaliyo kweli. Moshi unapungua, ila makaa ni makaa, na gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Katika baridi ya Julai, wakati watu wa mabati na hata wa nyumba za ghorofa huingiza jiko ndani na kufunga dirisha, Jikokoa ni hatari kama jiko lingine lolote la makaa. Ningependa kuona onyo hilo limeandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kila mahali linapouzwa.

Basi linamfaa nani? Halimfai anayepikia gesi kila siku na anayeweza kujaza mtungi bila kukopa. Huyo akinunua Jikokoa atakuwa amerudi nyuma, hata kama atajisikia ameokoa mti. Anayepika vyakula vya haraka mara moja kwa siku atasubiri muda mrefu kabla ya kuona faida. Linamfaa hasa mwenye familia anayenunua makaa kwa mkebe, na zaidi mama mwenye kibanda anayechemsha maharage kuanzia alfajiri, kwa kuwa kwake makaa ni gharama ya biashara na akiba yake itaonekana wiki ya kwanza. Huyo alinunue kwa awamu akiweza, ila kabla ya kutoa pesa ya kwanza aulize bei ya taslimu, kisha ajumlishe malipo yote ya awamu mbele ya muuzaji, na alinganishe tofauti hiyo na makaa anayochoma kwa mwezi.