Chombo cha kuning'iniza cha kulishia ndege: kizuri, ila kifuniko

Kilichonifurahisha zaidi ni kitako. Kinafunguka chote, kwa hiyo nakisugua kwa maji ya moto na sabuni bila kuacha punje zilizokwama pembeni. Hilo kwangu ni kubwa, maana mbegu zikilowa huota ukungu, na kinyesi kikiingia kwenye chakula hueneza salmonela (bakteria wa ugonjwa wa tumbo) kutoka ndege mmoja hadi mwingine. Nakiosha kila baada ya wiki mbili, mapema zaidi mvua zikianza. Shomoro na chiriku wanakigombania tangu alfajiri! Kifuniko ndicho kinachoniudhi: kinalegea, maji yanapenya. Natia mbegu za alizeti kidogo kidogo, ziishe siku hiyohiyo. Mwenye kasuku asikinunue, plastiki hii ataitafuna.