Sanje ni pazuri mno, lakini waliotupeleka hawakustahili kutupeleka

Nimekaa na hasira hizi nikidhani zitapoa zenyewe. Hazijapoa, kwa hiyo naandika.

Tulikwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa kuona Maporomoko ya Sanje, mimi na mjomba wangu, kwenye safari ya kikundi iliyoandaliwa na kampuni moja ya utalii. Jina lao silitaji, wakisoma hapa watajijua. Bei, umbali na saa za kuondoka vipo kwenye matangazo yao na sina ugomvi navyo. Kosta ilikuwa nzima, dereva mstaarabu, maji ya kunywa yalitosha. Ugomvi wangu ni spika.

Mjomba ndiye aliyeitaka safari hii. Ujana wake ulipita kwenye reli ya TAZARA, enzi ile inajengwa, kati ya 1970 na 1975, na kwa kipindi fulani alikaa Mang'ula, chini kabisa ya milima ile. Sisi wapwa zake tumekua tukimsikiliza akisimulia asubuhi za huko: kabla jua halijatoka msitu unaanza kulia juu mlimani, ndege kwanza, halafu mbega wekundu, halafu mnyama mmoja ambaye hakuwahi kumtia machoni. Anaita mara moja kwa nguvu, ananyamaza, kisha anagugumia kama bata mzinga. Wenyeji walimwambia ni ngolaga.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linaloniumiza zaidi. Huyo ngolaga, ambaye ni aina ya kima, wanasayansi hawakuwa wakimjua kabisa mpaka mwaka 1979, na walichotangulia kukijua ni mlio, sio sura. Watafiti walikuwa msituni, wakasikia sauti wasiyoitegemea, na mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza akawaambia ni ngolaga. Leo dunia nzima inamwita kwa jina la Sanje, na hapatikani popote pengine isipokuwa misitu ya Udzungwa. Kama siku ile kungekuwa na mtu amewasha muziki, sijui wangemjua lini.

Basi tukafika. Pale Sanje tukapokelewa na mwongozaji, kijana mzaliwa wa vijiji vya chini ya mlima. "Shikamoo mzee," akamwambia mjomba, akamchagulia fimbo, akamuuliza magoti yanaendeleaje. Akatupanga vizuri: ndani ya hifadhi hii hakuna barabara ya gari, kila kitu ni kwa miguu, na huruhusiwi kupanda bila mwongozaji. Tuongozane kwa karibu, tuongee kwa sauti ya chini, akiinua mkono wote tusimame. Huyu kijana nitamsifu popote nitakapoulizwa. Kama alama zingekuwa zake peke yake ningempa zote.

Njia inapanda mapema. Mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero yanabaki nyuma ghafla, jua linakatika, ubaridi unakushika shingoni. Mashina ya miti yana mbavu pana zinazozidi kimo cha mtu. Hondohondo wakipita juu unayasikia mabawa yao kabla hujawaona, na mara nyingi huwaoni kabisa. Mjomba alikuwa anasimama kila baada ya hatua kadhaa, na sio kwa kuchoka. Anasimama, anageuza sikio, anatabasamu, anaendelea.

Kwenye kona moja, kabla hujaanza kusikia mto, mwongozaji akainua mkono. Ngolaga. Hakuwa mtini, alikuwa amekaa chini, mbele yetu pale pale. Manyoya ya kijivu, uso wa waridi uliopauka, nywele za utosini zimesimama. Jike, na mtoto amemganda tumboni. Anapekua majani makavu kwa vidole, jani moja moja, hana haraka. Akapata mbegu, akaigeuza, akaisukumia kwenye meno ya pembeni, akaing'ata. Ikapasuka, na sisi tulioko mbele tukausikia mpasuko wenyewe. Mjomba akanibana mkono. Miaka yote hiyo anaujua mlio wa mnyama huyu, na ndiyo kwanza anamwona.

Hapo ndipo spika ikawashwa.

Kiongozi wa safari, huyu wa kampuni, ndio alikuwa anafika na wenzetu waliobaki nyuma. Alikuwa amebeba mgongoni ile spika yenye taa za bluu zinazomulika, na akaifungulia sauti mpaka mwisho. Ngolaga alitoweka sijamwona anavyonyanyuka. Hondohondo wakaondoka. Pale alipokuwa amekaa yule mama na mwanawe yakabaki majani yaliyopinduliwa.

Mwongozaji akarudi nyuma, akamwambia kwa adabu, "Kaka, huku tunaomba tuzime." Jibu lake: "Wateja wangu wamelipa, wanataka vaibu." Mimi nilikuwa mteja pia. Mjomba alikuwa mteja. Hakuna aliyetuuliza tunataka nini.

Mjomba akamfuata mwenyewe, taratibu, na fimbo yake. Nanukuu kama ilivyokuwa, maana nilikuwa nimesimama ubavuni kwake. "Mwanangu, tuzimie kidogo, tuusikie msitu." Na yule kijana wa kampuni, mbele ya watu wote, akamjibu, "Mzee, kimya kipo makaburini."

Wengine wakacheka.

Mtu wa umri wa baba yako! Amekuita mwanangu, amekuomba, hajakuamrisha, na wewe unamtajia kaburi? Mjomba alisema "haya," akageuka, akaanza kupanda. Mimi nilimwambia yule kijana maneno ambayo siyaandiki hapa, naye akapunguza sauti kidogo kwa dakika chache, kisha akairudisha.

Najua kuna watakaosema nimekuza jambo, watu wamekwenda kufurahi, mwache kijana wa watu. Muziki ulipigwa kwenye Kosta tangu alfajiri na mimi nilikuwa wa kwanza kuimba. Lakini kanuni za hifadhi za taifa zinakataza kelele na kusumbua wanyama, na mtu aliyepewa kazi ya kuongoza wageni ndiye wa kwanza kupaswa kuzijua. Nilimwangalia yule mwongozaji wa kijijini akimeza maneno yake. Kanuni zipo upande wake, lakini wageni wake wanaletwa na kampuni hizo hizo. Atamfukuza nani?

Tukafika kwenye maji. Sitaki hasira zangu zimkoseshe mtu Sanje, kwa hiyo niseme kwa haki: pale ni mahali pa ajabu. Mto unaporomoka kwa hatua tatu, jumla yake kama mita 170, na njia inakupandisha ubavuni mwa korongo mpaka juu. Unapita sehemu moja ambapo mvuke wa maji unakulowesha uso huku miguu bado iko kwenye udongo mkavu. Ukifika juu, msitu wote uko chini yako, na baada ya msitu bonde la Kilombero limelala tambarare hadi macho yanapoishia. Kiongozi wetu akaongeza sauti ya spika, na kwa mara ya kwanza siku ile akashindwa, maana maji yalimzidi. Mjomba akavua viatu, akaweka miguu kwenye dimbwi, akafumba macho. Nikakaa karibu naye, na hatukuongea. Pale, nasema kweli, moyo wangu ulilainika. Nikasema basi, yaishe, kijana ni mdogo, nitaandika mazuri tu na kale kasoro nitakataja mwishoni kwa upole.

Ningefanya hivyo. Lakini tukiwa njiani kurudi, kabla hata hatujafika Mikumi, simu zikaanza kulia. Kwenye kundi la WhatsApp la safari kuna mtu alikuwa amerekodi yale majibizano, na yule kiongozi ndiye aliyeirusha video, na chini yake ameweka vikatuni vya kucheka. Uso wa mjomba wangu umejaa kioo cha simu, anaomba asikilize msitu, na watu wanacheka. Mjomba alikuwa kiti cha dirishani, simu yake ya batani haina mambo hayo, hakujua. Nilikaa nimeigeuza simu yangu kifudifudi mapajani mpaka Morogoro.

Niliwaandikia ofisini kwao. Video ikafutwa, nakiri. Majibu yakaja baada ya siku kadhaa: "Mteja wetu mpendwa, tunaomba radhi kwa changamoto iliyojitokeza, karibu tena, tutakupa punguzo safari ijayo." Changamoto ni pancha, changamoto ni mvua. Binadamu kumwambia mzee wa watu aende makaburini akatafute kimya huko, hiyo si changamoto. Na punguzo la nini, nirudi naye wamcheke kwa bei nafuu?

Kwa hiyo zile alama nne nilizozifikiria pale kwenye maji nimezirudisha. Kampuni naipa moja, na hiyo moja ni ya dereva. Msitu siupi alama, siwezi kuuweka kapu moja na watu hawa.

Wewe unayetaka kwenda, nenda. Panda basi la Ifakara, shuka Mang'ula, nenda mwenyewe lango la hifadhi ukalipe kiingilio, kwa sisi raia si kikubwa, upewe mwongozaji wa pale pale. Anza asubuhi mapema, jua likipanda wanyama wanajificha. Kama lazima uende na kikundi, kabla hujatuma hela waulize neno moja tu: huko msituni mnapiga muziki? Wakijichekesha badala ya kujibu, tafuta wengine.

Na ninyi wa kampuni, punguzo lenu sitaki, na wala msiniombe mimi radhi. Namba ya mjomba mnayo, mliichukua siku ya kujiandikisha. Huyo kijana ampigie mwenyewe, aanze na shikamoo.