Maji au kulanti kwenye rejeta?

Kwa kubeba joto, maji matupu ndiyo hushinda kulanti (dawa ya kupoza injini), ingawa wengi hubisha. Shida ni kuchemka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na maji yasiyo na presha huku huchemka karibu nyuzi 94. Injini nyingi hufanya kazi kwenye joto la karibu hapo. Kinachookoa ni presha inayoshikwa na kifuniko cha rejeta, ambayo huchelewesha maji kuchemka: raba yake ikikauka, presha hutoroka na jam ya Mombasa Road itakuchemshia gari hata feni ikizunguka. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri (yale yasiyo na asidi) huchelewa zaidi kuchemka.

Bei, maji hayana mpinzani. Ila ya kisima huacha ukoko, na chuma huota kutu. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi kabisa. Ukikuta rangi ya chai, pampu na rejeta zinaliwa.

Rejeta inavuja? Tia maji hadi fundi aizibe. Kulanti itamwagika tu. Mfumo ukiwa mzima na gari ni la kukaa nalo, nunua kulanti, na usichanganye aina mbili.