Usafi wa ndani ya ndege Dar: mkataba upi kampuni ndogo iuchukue, upi iuache

Kampuni ya usafi iliyozoea ofisi za Posta na nyumba za Masaki ikiletewa mkataba wa ndege, jambo la kwanza inalohesabu ni viti. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Katika kazi hii, faida huliwa na dakika za kungoja na kemikali isiyofaa, na viti si chochote. Tumeipima kazi kama ilivyo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, tukimfikiria mwenye wafanyakazi watano hadi kumi na wawili. Alama tunazitoa kwa aina ya ndege, maana Jengo la 1 na Jengo la 3 ni biashara mbili tofauti kabisa.

Ndege ndogo, Jengo la 1: alama 4 kati ya 5

Anzia hapa. Ndege aina ya Cessna Caravan ya abiria kumi na wawili inarudi jioni kutoka Mafia, Zanzibar au viwanja vya udongo vya hifadhini, inalala, alfajiri inaondoka. Usiku mzima ni wako. Watu wawili wanaojua kazi wanaimaliza vizuri kwa saa moja na nusu bila kukimbizana na mtu.

Adui ni mchanga. Abiria wa ufukweni huuleta kwa viatu, unaingia kwenye reli za viti zilizo sakafuni, halafu pini ya kiti haishuki mpaka mwisho wa tundu lake. Kwa macho kiti kimekaa sawa, kumbe hakijashika. Fyonza reli kwa mdomo mwembamba wa plastiki, piga brashi kavu, fyonza tena, kisha sukuma kiti mbele na nyuma uone kama kimejifunga. Usitie mafuta, maana mafuta huukamata mchanga na kesho hali itakuwa mbaya zaidi. Kiti kikigoma, usikilazimishe. Mwite fundi wa ndege, naye aandike.

Madirisha ndiyo yanayovunja mikataba. Yale si vioo, ni akriliki. Dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, spiriti, petroli au thina huyaachia nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na haziondoki. Huenda usiku huo usizione, ukaziona jua likipiga dirisha kwa ubavu. Utaratibu sahihi ni huu: mwagia maji safi kwanza yabebe vumbi, pitisha kiganja kitupu bila pete uhisi kama kuna punje iliyobaki, osha kwa sabuni laini iliyozimuliwa, suuza, kausha kwa kitambaa laini cha pamba au maikrofaiba ambacho hakijagusa sakafu. Mkono uende mstari mmoja, usizungushe. Anayeanza kwa kusugua vumbi likiwa kavu amepiga msasa dirisha la mteja.

Kemikali: hapa hakuna mjadala

Dawa yenye klorini, ile ambayo kila mtu anaiita jiki, isiingie kwenye begi lako kabisa. Klorini hula alumini, na ndege nyingi zimeundwa kwa alumini. Maji yake yakipenya chini ya zulia au pembeni mwa sakafu ya choo, kutu inaanza mahali ambapo hakuna atakayeiona mpaka ukaguzi mkubwa. Kipimajoto cha zebaki nacho ni marufuku, kwani zebaki na alumini haziwezi kukaa pamoja.

Unaponunua, usiishie kusoma neno “salama” kwenye dumu. Dai karatasi ya bidhaa inayotaja viwango: Boeing D6-7127, Airbus AIMS 09-00-002, na kwa dawa za kuua vijidudu AMS 1452 au AMS 1453. Hata ukiipata, mwenye ndege ndiye mwenye neno la mwisho, kwa kuwa kila mtengenezaji ana mwongozo wake. Omba orodha ya kemikali alizoruhusu, kwa maandishi, kabla hujataja bei. Muuzaji wa Kariakoo asiye na karatasi hiyo muache, hata kama bei yake ni nusu.

Tatizo la Dar ni joto. Lebo ikisema dawa ikae mbichi dakika 10, ndani ya ndege iliyofungwa bila kiyoyozi itakauka mapema. Pitisha tena kabla haijakauka, la sivyo umepaka harufu tu. Na dawa ilowanishe kitambaa, isipuliziwe kwenye paneli. Nyuma ya taa na vitufe vya juu ya kichwa kuna umeme. Wakati wa masika usiloweshe zulia. Halitakauka usiku mmoja, na abiria wa alfajiri atapokewa na harufu ya ukungu.

ATR na ndege nyingine za pangaboi, usafi wa usiku: alama 3 na nusu

Kazi ni nzuri, ila inadai nidhamu ya idadi. ATR 72 yenye viti 70 ina meza 70. Kitambaa cha maikrofaiba ukikikunja mara mbili kinakupa nyuso nane. Uso mmoja, meza moja. Hapo unahitaji vitambaa tisa kwa meza peke yake, kabla hujagusa mikono ya viti na vifungo vya mikanda. Kampuni inayoingia na vitambaa vinne inahamisha uchafu wa safu ya kwanza ya viti mpaka safu ya mwisho. Tenga rangi: nyekundu choo, kijani jiko, bluu viti.

Mashine ya kufyonza vumbi iwe ya betri, tena na betri ya akiba iliyochajiwa. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230, hezi 50. Ndani ya ndege kubwa ni volti 115, hezi 400. Mashine ya ofisini haina mahali pa kuchomekwa humo.

Chooni, kile kifuniko cha pipa la taka chenye springi si pambo. Kinazuia moto usipate hewa, na ndani ya pipa kuna kizimamoto kinachofyatuka chenyewe kwa joto. Anayekiacha wazi kwa mfuko uliotokeza, au kukivunja kwa kukandamiza taka, ameharibu kifaa cha usalama. Kitambua moshi usikipulizie chochote. Tangi la choo na maji ya kunywa si kazi yako, vina watu wao na magari yao. Na mifuniko ya viti ina kinga ya moto, kwa hiyo iliyochafuka mkabidhi fundi. Ukienda kuifua kwa sabuni ya unga unaweza kuiondoa kinga hiyo.

Ndege kubwa za Jengo la 3, kati ya safari na safari: alama 1 na nusu

Acha kwanza. Unahitaji watu wengi kwa dakika chache, na watu hao lazima wawe na vitambulisho vya kuingia maegesho ya ndege. Kitambulisho ni cha mtu kwa jina lake. Mmoja akiugua huwezi kumleta shemeji yake. Mabaki ya chakula ya safari za nje yana utaratibu wake wa kuteketezwa, hayachanganywi na taka za ndani. Matapishi na damu vinataka vifaa maalumu na mafunzo. Kupuliza dawa ya wadudu ni kibali kingine tena.

Fedha na karatasi

Mashirika ya umma zabuni zao zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, kwa hiyo usajili wa kampuni BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), leseni na usajili wa OSHA, wakala wa usalama kazini, viwe tayari. Bima ndiyo inayosahaulika. Bima ya kawaida ya madhara kwa wengine mara nyingi haigusi ajali inayotokea upande wa ndege, yaani ndani ya uwanja zinakoegeshwa. Soma ukurasa wa vitu visivyofidiwa, na kama umeandikwa hivyo, nunua nyongeza kabla ya kusaini.

Bei weka kwa ziara, kisha ongeza kifungu cha kungoja. Tuseme mtu mmoja anakugharimu shilingi 4,000 kwa saa ukijumlisha mshahara, michango ya NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (fidia kwa wafanyakazi), na bodaboda ya usiku. Ndege ikichelewa saa mbili na watu watano wamekaa, shilingi 40,000 zimekwenda na hakuna kilichofanyika. Dakika 30 za kwanza ziwe bure, zinazofuata zilipiwe. Ankara ikilipwa, kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 5 inakatwa kabla pesa haijakufikia. Malipo kuchelewa miezi miwili usilione jambo la ajabu. Ingia ukiwa na mishahara ya miezi mitatu mkononi.

Kila usiku jaza fomu ya makabidhiano: namba ya usajili inayoanza na 5H, saa ya kuingia na kutoka, kemikali iliyotumika, kasoro zilizoonekana, simu na miwani iliyookotwa na namba ya kiti. Mstari wa mwisho ni wa vifaa. Vitambaa 24 vimeingia, 24 vitoke. Kikikosekana kimoja, fundi aambiwe kabla mlango haujafungwa.