Sheria ya mafao ya wafanyakazi Lubumbashi: kabine au kampuni ya migodi?

Wanaomaliza sheria pale UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Kongo) wanaulizana kila mwaka: kabine ya maavoka, yaani ofisi ya mawakili, au ofisi ya sheria ya kampuni ya migodi?

Kwa pesa, kampuni inatangulia: mshahara wa kila mwezi. Kwenye kabine kuna staji (kujifunza kazi) ya miaka 2, na posho yake (tuseme ukweli) mara nyingi inaishia kwenye taksi.

Kujifunza ndiko kwenye mjadala. Kampuni itakufundisha michango ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hadi senti ya mwisho: 5% ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi, 13% kutoka kwa mwajiri. Ila utaona upande mmoja tu. Kabine inakuletea leo mjane anayedai pensheni, kesho mwajiri anayedaiwa. Kwenye ugomvi wa mfanyakazi na mwajiri, unapita kwanza kwa mkaguzi wa kazi kutafuta mapatano, yakishindikana mnaenda mahakama ya kazi. Sheria ya 2016 ya hifadhi ya jamii huielewi vizuri mpaka uitetee pande zote mbili.

Usalama? Bei ya shaba ikianguka, kampuni hupunguza watu. Wateja wa kabine nao hawana haraka ya kulipa.

Mwenye wadogo wa kusomesha sasa hivi, aanze kampuni. Anayeweza kula kwa wazazi miaka 2, na anapenda kubishana, aingie kabine.